Nauli ya Mjumbe

Jioni kabla ya safari yangu ya Dar es Salaam, mhazini wa jumuiya yetu ya maji alinikabidhi leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na shilingi 38,500: noti za elfu moja na za elfu mbili, na sarafu nyingi za mia tano. Zilikuwa zimechangwa kituoni, kati ya ndoo na ndoo, na watu waliojua vizuri kwamba waandaaji wa mkutano walikwisha kunilipia nauli, hoteli, chakula na posho ya siku nne. Nilimwambia mhazini kwamba hakuna haja. Akanijibu, "Chukua tu, katibu. Huwezi kutoka nyumbani mikono mitupu." Nikaitia leso kwenye mfuko wa ndani wa begi, nikaisahau.

Ni miezi kadhaa sasa tangu nirudi. Mada nyingi za mkutano ule zimenitoka kichwani, na watu niliokula nao siwakumbuki majina. Kilichobaki ni ile leso, pamoja na swali ambalo sikuwahi kujiuliza kabla: mtu akitumwa na wenzake, akafika peke yake mahali wasipomwona, mdomo wake ni wa nani?

Naishi Akheri, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, juu kidogo ya Tengeru. Anayepita barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi akitazama huku kwetu huona migomba, kahawa na ukungu, akadhani kwamba maji si tatizo la watu hawa. Ni kweli mlima unatoa maji. Lakini maji ya mlimani yana wenyewe wengi, na anayekaa chini hunywa kilichobaki. Miaka michache iliyopita tulipata mradi: tangi la saruji, mabomba, na vituo sita vya kuchotea. Mvua zikiwa nzuri, vituo vyote sita hutoa maji. Kiangazi kikikaza, viwili vya chini hutoa hewa.

Kikao cha mwisho kabla ya safari kilinituma maneno mawili tu. La kwanza, kwamba vituo viwili vya chini havina maji karibu miezi mitatu ya mwaka. La pili, kwamba tulilisema jambo hilo tangu siku za upimaji. Wazee walieleza kuwa chanzo kile hupungua, na wataalamu wakaandika kwenye daftari lakini hawakufuata. Kikao kilipokuwa kinafungwa, bibi mmoja ambaye kituo chake ni cha mwisho kabisa aliomba nafasi. Akasema, "Mwanangu, usiende kutusifia huko. Waambie koki yangu inapiga mluzi." Watu wakacheka, kwa sababu ni kweli: ukiifungua mwezi wa tisa, inapiga mluzi mrefu kama mchunga ng'ombe, kisha inanyamaza.

Nilipanda basi Tengeru alfajiri, baridi ya mlimani ikiwa bado imo kwenye sweta. Tukapita Moshi, Same, Korogwe, Chalinze. Nilishuka kituo cha Mbezi giza limeingia, nikavua sweta, na sikuivaa tena mpaka siku ya kurudi. Hoteli ilikuwa karibu na bahari. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na mimi nilikuwa mmoja. Usiku ule niliweka begi juu ya kitanda cha pili ili kisionekane kitupu.

Asubuhi, kwenye meza ya usajili, nilipewa beji ya kuvaa shingoni. Chini ya jina langu paliandikwa "Mwakilishi wa Jamii". Nilikwenda kunywa chai nikiwa nimeivaa. Nikakaa mezani peke yangu na sahani ya mayai, vitumbua na tikiti maji, na nikasikia raha ambayo leo naionea haya kidogo. Nyumbani huwezi kutembea hatua mia moja bila kusalimia. Kila shikamoo unayoitoa na kila marahaba unayoipokea inakukumbusha wewe ni nani kwa nani: mtoto wa nani, jirani wa nani, unadaiwa na nani. Pale hotelini hakuna aliyenijua. Wahudumu waliniita "mheshimiwa". Nilijihisi mwepesi.

Sitaki kuusema vibaya wepesi ule moja kwa moja. Mtu aliyelelewa katikati ya watu anahitaji mara mojamoja kukaa mahali ambapo hakuna anayemdai kitu. Yapo mambo ambayo mtu huyaona akiwa peke yake mjini ambayo asingeyaona akiwa amezungukwa na ukoo. Lakini wepesi una bei yake, na mimi niliilipa siku ya pili, saa tano asubuhi.

Mtoa mada alikuwa akieleza miradi ya maji vijijini. Akabonyeza kitufe, na kwenye pazia jeupe likatokea tangi letu. Nililitambua kwa mparachichi ulio nyuma yake. Chini ya picha paliandikwa idadi ya watu "waliofikiwa", na idadi hiyo ilihesabu vituo vyote sita, kama vile hakuna kiangazi duniani. Kisha mwongoza kikao akasema, kwa furaha ya kweli, kwamba tuna bahati, mwakilishi wa jamii hiyo tunaye humu ukumbini. Kijana akaniletea kipaza sauti.

Nilisimama. Nayakumbuka maneno yangu yote, kwa sababu hayakuwa mengi. Nilisema, "Kwa niaba ya wananchi, tunashukuru sana. Mradi umetusaidia. Changamoto ndogondogo hazikosekani, lakini tunaendelea kuzifanyia kazi." Nikapigiwa makofi. Nikakaa.

Hakuna aliyenitisha wala kuniambia cha kusema. Mtoa mada hakuwa mtu mbaya; nadhani aliamini takwimu zake. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na muda nilikuwa nao. Koki inayopiga mluzi ilisafiri nami kilomita zaidi ya 600 kwa basi, ikafika ukumbini salama, na kati ya kifua changu na mdomo wangu ikageuka "changamoto ndogondogo". Kila Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye semina anayajua maneno hayo. Yamefanywa yatoshe kila tatizo, na kwa sababu hiyo hayana tatizo lolote ndani yake.

Usiku wa siku hiyo nilijitetea. Nilikuwa peke yangu chumbani, kwa hiyo nilikuwa mshtakiwa, wakili na hakimu. Wakili alisema: hiyo ilikuwa busara. Ukiwaaibisha wafadhili mbele za watu, mradi wa pili hauji. Mambo mazito husemwa pembeni, kwa utulivu, wakati wa chai. Hakimu akauliza: na wakati wa chai ulisema? Ni kweli nilimfuata mtoa mada wakati wa chai. Tukazungumzia joto la Dar es Salaam na baridi ya Arusha. Akanipa kadi yake, nikampa namba yangu, tukaagana.

Tangu siku ile nimekuwa nikilichunguza neno "kutuma". Kiswahili kimelizaa watoto watatu ambao hawafanani. Yupo mtume, anayetumwa na neno na kulisema hata akipigwa mawe. Yupo mtumwa, asiye na neno lake mwenyewe, anayekwenda anakopelekwa. Na yupo mtumishi, anayetumika kwa ujira na kumtazama anayelipa. Wote watatu wametoka kwenye kitenzi kimoja, na nadhani wahenga waliotuachia lugha hii hawakuona ajabu: mtu yuleyule akitumwa anaweza kurudi akiwa yeyote kati yao. Mimi niliondoka Akheri nikidhani naweza kuwa kama wa kwanza. Ukumbini nilikuwa wa tatu.

Hapa mtu anaweza kuniuliza: je, mjumbe ni bomba tu? Amiminiwe maneno huku, yatokee kule yaleyale? Swali hilo ni la haki. Mwaka 1774 Edmund Burke, baada ya kuchaguliwa kuwa mbunge wa Bristol huko Uingereza, aliwaambia waliomchagua kwamba mbunge hawadai jitihada peke yake, wanamdai pia maamuzi yake mwenyewe, na kwamba akiyatoa maamuzi hayo sadaka kwa maoni yao atakuwa amewasaliti. Miaka sita baadaye watu wa Bristol hawakuwa naye tena, lakini hoja yake ingali hai. Aliyetumwa hufika mahali ambapo waliomtuma hawajafika. Anaona sura za watu na kusikia yaliyosemwa kabla yake. Akiyasema maneno ya nyumbani neno kwa neno bila kutazama aliko, anaweza kuliharibu jambo lenyewe.

Nakubaliana na Burke zaidi ya nilivyotarajia. Kama ningesimama nikasema kwa upole kwamba idadi ile inafaa kuhesabiwa upya mwezi wa tisa, nisitaje koki wala mluzi, ningekuwa nimetumia akili yangu na ningekuwa nimewatumikia walionituma. Ingekuwa tafsiri, na tafsiri si usaliti. Tatizo langu ni jingine. Nilipopima nilichosema, sikuona maamuzi ndani yake. Niliona hofu iliyovaa koti la busara. Hofu ya nini, hata sasa siwezi kusema sawasawa: labda ya kuonekana mshamba asiye na shukrani, labda ya kuupoteza ule wepesi wa kuitwa mheshimiwa. Zote mbili, hofu na busara, husema "si sasa, si hapa". Njia moja ya kuzitofautisha niliyoipata ni hii: busara ina mahali pengine na wakati mwingine ilipopanga kulisema jambo. Hofu haina.

Kwetu Meru huwezi kuzungumza kuhusu kutumwa mbali bila kumfikia Kirilo Japhet. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kuchunguza ugawaji wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Mapendekezo yake yakafungua njia ya kuwaondoa Wameru Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili eneo lile wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Novemba 1951 kazi ya kuhamisha ikaanza. Nyumba zilichomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa kwenye ardhi waliyokuwa wakiilima na kuilishia mifugo. Wameru wakachanga fedha. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mtu wa nchi ya udhamini alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake huko. Mwaka 1952 Kirilo akaenda New York.

Peke yake kabisa hakuwa. Wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, alilipeleka shauri pamoja naye. Lakini kati ya wote walioketi kwenye Baraza la Udhamini, mwenye nyumbani kwao Meru alikuwa yeye. Ninapojaribu kumwona kwenye jiji lile, nafikiria vitu vidogo ambavyo vitabu havivitaji: chumba chake, kitanda chake, asubuhi ya kwanza ambayo hakuna aliyemsalimia kwa Kimeru. Mbele yake walikuwa wawakilishi wa dola zilizotawala nusu ya dunia, na Uingereza, ambayo ndiyo aliyokuja kuishtaki, ilikuwa na kiti chake mezani. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "changamoto ndogondogo", ni yeye.

Hakusema hivyo. Alieleza kilichotendeka. Na jambo ambalo watu husahau tunapomsifu ni kwamba hakupata alichokwenda kukitafuta. Suala lilifika mpaka Baraza Kuu, na azimio la kuwaunga mkono Wameru likakosa theluthi mbili ya kura. Kirilo alirudi bila ardhi. Hata hivyo alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akiwaeleza watu alichokisema na alichojibiwa, na watu waliomsikiliza walielewa kitu kuhusu dola iliyowatawala ambacho kura ile haikuweza kukifuta. Machi 1955 Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza hilohilo la Udhamini kwa niaba ya TANU, kwa safari iliyotegemea michango pia. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walichapisha kitabu kuhusu shauri la ardhi ya Meru.

Kwa muda nilidhani fundisho la Kirilo ni nauli. Yeye alilipiwa na waliomtuma, mimi nililipiwa na waliotaka kusikia shukrani, basi kila mmoja alimwimbia mwenye ngoma. Maelezo hayo ni mepesi na yana ukweli ndani yake. Posho inasema bila kufungua mdomo. Lakini nikiyafuata mpaka mwisho yananipeleka mahali pabaya. Jumuiya yetu haiwezi kumlipia mtu hoteli ya Dar es Salaam siku nne. Kama kanuni ni kwamba asiyelipiwa na watu wake asiende, basi wenye koki zinazopiga mluzi hawatafika ukumbini hata siku moja, na tangi letu litaendelea kuonyeshwa kwenye pazia bila mtu wa kulitambua.

Tena historia ya hapahapa kijijini inanionyesha kwamba jambo hili lina upande mwingine. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akheri pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kaburi lao liko hapa, na kila mtoto wa kanisa amewahi kusimama mbele yake. Walikuwa wamekuja na ujumbe, na Waswahili husema mjumbe hauawi. Lakini wakati uleule Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani alikuwa amepiga kambi karibu na askari wake. Mashujaa walioshuka usiku ule hawakuwa na sababu kubwa ya kutofautisha hema na hema. Wamisionari walijua moyoni mwao ni nani aliyewatuma. Waliowaona wakifika waliangalia wamefuatana na nani. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi: misafara ya kulipiza kisasi, watu wengi kuuawa, ng'ombe kuchukuliwa, migomba kukatwa.

Siwaweki wale wawili kwenye mzani mmoja na mkutano wa hotelini. Nawataja kwa sababu wamenisaidia kuona kwamba aliyetumwa hawezi kutegemea nia yake peke yake. Namna anavyofika, gari lililomleta, meza aliyokaa, vyote vinamsemea kabla hajasema. Mimi pale ukumbini, na beji yao shingoni na chai yao tumboni, nilikuwa tayari nimekwisha kusema "tunashukuru" kabla kijana hajaniletea kipaza sauti. Kusema neno jingine kungetaka nguvu. Nguvu hiyo nilikuwa nimepewa, ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa begi, na nilikuwa nimeisahau juu ya kitanda kisicho na mtu.

Nimekuja kuamini kwamba ndiyo maana ya zile shilingi 38,500. Hazikutosha nauli ya kwenda na kurudi, na waliozichanga walilijua hilo. Walitaka tu iwepo sehemu ya safari ambayo ni yao, ili nikiguswa na mkono wa anayelipa nyingi, niwe na mahali pa kukumbuka waliolipa kidogo.

Nilirudi siku ya Ijumaa. Jumamosi, siku ya soko la Tengeru, nilipita kwa mhazini asubuhi nikamrudishia leso na fundo lake. Nilijivunia kidogo. Fedha yote ilikuwepo, sikugusa hata mia. Aliihesabu, akaifunga tena, akaniuliza, "Ulisema?"

Nikamjibu kwamba mkutano ulikuwa mzuri.

Akaniangalia kwa muda. "Sikukuuliza mkutano. Nimekuuliza kama ulisema."

Ningeweza kudanganya. Hapakuwa na shahidi, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kusafiri peke yako hukupa. Mjumbe aliye peke yake ana nafasi mbili za kusaliti: moja kule alikokwenda, nyingine anaporudi. Ya kwanza nilikwisha kuitumia. Nikasema, "Sikusema, mama." Hakunijibu. Alisogeza leso mpaka upande wangu wa meza, akaniambia nikaieleze kikaoni, siyo kwake.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, chini ya mparachichi uleule wa kwenye picha. Nilisimama nikawaeleza maneno yangu yote ya ukumbini, moja baada ya jingine, pamoja na "changamoto ndogondogo". Nilikuwa nimeyatamka mbele ya watu wasionijua bila jasho. Mbele ya watu waliokuwa na ndoo tupu yaligoma kutoka. Hapo ndipo nilipopata kipimo ambacho natamani ningekuwa nacho Dar es Salaam: neno ninalolisema kwa niaba yao, je, naweza kulirudia mbele yao kwa sauti ileile? Burke aliamua tofauti na waliomtuma, lakini aliwaambia machoni. Kirilo alirudi mikono mitupu na akasimama mbele ya watu. Wote wawili wangepita kipimo hiki.

Watu walinyamaza. Kijana mmoja alisema ningefaa kuondolewa ukatibu, na sikuona kosa katika maneno yake. Mzee mmoja akanitetea kwamba mjini kunatisha. Kisha yule bibi wa koki ya mwisho akainuka. Nilitegemea anigombeze. Akaniuliza, "Mlikuwa wangapi ulikokuwa unalala?"

Nikasema, "Peke yangu, bibi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili."

"Basi walikosea waliokutuma," akasema. "Nasi tumo." Akakaa.

Sijui kama alikuwa ananisamehe. Nadhani alikuwa anaeleza tu jambo kama alivyoliona: mtu mmoja anaogopa, na aliyemtuma mmoja anayajua hayo au alipaswa kuyajua. Lawama yangu haikupungua kwa maneno yale, ila nilipata wa kuibeba nami. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwaza kwamba swali la mdomo wa mjumbe ni swali kati yake na dhamiri yake. Bibi aliliona kama swali la kitanda cha pili.

Jioni ile tuliandika barua, kwa waandaaji wa mkutano na kwa ofisi inayohusika wilayani. Niliandika, nikasoma kwa sauti, wakanisahihisha. Nilipoandika "upungufu wa maji kwa msimu" walikataa. Wakataka iandikwe miezi yenyewe. Nilipoandika "tunaomba" waliniachia, kwa sababu kuomba si vibaya. Mwishoni kabisa bibi akauliza kama koki yake imo. Nikaiandika, na mluzi wake. Barua ilipigwa chapa Tengeru na kupelekwa kwa fedha za ile leso. Chenji ilirudi kwa mhazini.

Hatujajibiwa bado. Mwezi uliopita ulikuja mwaliko mwingine, safari hii wa Dodoma, siku mbili, mshiriki mmoja kwa kila jumuiya. Kikao kimejibu kwamba tutakuja wawili, na kwamba wa pili tutamlipia wenyewe. Michango imeanza kituoni.